Vipimo vya Ini kwa Mgonjwa wa UVIKO-19 na Mafua Makali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu UVIKO-19 iingie, majibu ya vipimo vya ini yamekuwa sehemu ya faili la karibu kila mgonjwa anayelazwa kwa nimonia ya virusi. Ndugu huyapiga picha na kuyatuma kwenye kundi la familia la WhatsApp, na swali linalofuata ni lile lile: ALT imepanda, je, atapona? Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya ndugu huyo, na pia kwa tabibu, muuguzi na mwanafunzi anayeyasoma majibu hayo wodini bila kuwa na bingwa wa kumuuliza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Vipimo vya ini hueleza ukali wa ugonjwa kwa wakati ule damu ilipotolewa, lakini havitoshi vyenyewe kutabiri nani atapona na nani atazidiwa.

Karatasi ya vipimo vya ini huwa na nini?

Kwa kawaida utaona ALT, AST, ALP, GGT, bilirubini, albumini na protini jumla. Hospitali kubwa huongeza INR, inayoonyesha damu inachukua muda gani kuganda.

Wengi hudhani vyote vinapima kitu kimoja, na mkanganyiko huanzia hapo. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli. Seli ikiumia, huvuja na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo vinatuambia kwamba kuna seli zinaumia, havituambii kama ini limeshindwa kazi. ALP na GGT hupanda zaidi pale mirija ya nyongo inapoguswa. Bilirubini ni rangi ya manjano inayotokana na kuvunjwa kwa chembe nyekundu za damu. Ini huichakata na kuitoa kupitia nyongo. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini lenyewe, na protini nyingi za kugandisha damu nazo hutengenezwa humo humo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ALT ya 200 huku ini lake likichapa kazi vizuri, na mwingine akawa na ALT ya 30 ilhali ini lake limesinyaa na kujaa makovu.

Viwango vya kawaida hutofautiana kati ya maabara na maabara, hivyo soma vile vilivyochapishwa pembeni ya jibu lako. Kwa watu wazima, ALT na AST huishia karibu na uniti 40 kwa lita, albumini huwa kati ya gramu 35 na 50 kwa lita, na bilirubini jumla haizidi sana mikromoli 20 kwa lita. Mashine nyingine hutoa albumini kwa desilita, basi 35 itasomeka 3.5. Kabla hujashtuka, angalia kama namba imetolewa kwa lita au kwa desilita.

Virusi vinaingia kwa njia ya hewa. Ini linahusikaje?

Kuna njia kadhaa, na mara nyingi zaidi ya moja hufanya kazi kwa mgonjwa mmoja.

Ya kwanza ni virusi vyenyewe. Kirusi cha UVIKO-19 huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kiitwacho ACE2. Kipokezi hicho kipo kwa wingi kwenye seli zinazotandika mirija ya nyongo, na ni kichache kwenye seli kuu za ini. Kama kirusi ndicho kingekuwa mharibifu mkuu, tungetarajia ALP ipande sana mwanzoni mwa ugonjwa. Lakini kinachoonekana kwa wagonjwa wengi ni AST na ALT kupanda kidogo huku ALP ikitulia. Hilo peke yake linaelekeza kwenye sababu nyingine.

Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni uvimbe wa mwili mzima, yaani mwako wa kinga. Mapafu yakishambuliwa, kinga humwaga kemikali za kuashiria hatari, ikiwemo interlukini-6, na ini huzipokea kupitia damu. Ini hubadilisha kazi: hupunguza kutengeneza albumini na kuongeza protini za dharura kama CRP. Wakati huo huo kuta za mishipa midogo hulegea na albumini huvuja kutoka kwenye damu kwenda kwenye tishu. Maisha ya nusu ya albumini ni takriban wiki tatu, kwa hiyo ikishuka ndani ya siku mbili tatu sababu haiwezi kuwa tu kwamba ini limeacha kuitengeneza. Imevuja.

Halafu kuna oksijeni. Ini hula oksijeni nyingi. Mgonjwa akikaa na oksijeni ya chini, au presha ikianguka, seli zilizo karibu na vena ya kati ya kila kijisehemu cha ini ndizo hufa mwanzo, na AST na ALT zinaweza kuruka hadi maelfu kwa siku moja. Moyo wa upande wa kulia ukielemewa, damu hurudi nyuma na ini huvimba.

Hatimaye kuna dawa, nitazigusa mbele, na kuna msuli. AST hupatikana pia kwenye misuli, moyo, figo na chembe nyekundu. Mgonjwa wa mafua makali anayelalamika mwili wote unauma anaweza kuwa na AST ya juu itokayo kwenye misuli yake, ini likiwa zima kabisa. Kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, kitakuambia.

Utafiti unaonyesha nini kuhusu ini na ukali wa UVIKO-19?

Hapa inafaa kwenda pole pole, kwa sababu namba zile zile zinaweza kusomwa kwa namna mbili.

Taarifa kubwa ya kwanza kutoka China, iliyochapishwa mapema mwaka 2020, ilihusu wagonjwa 1,099. Kati ya waliopimwa AST, iliyozidi 40 ilikutwa kwa asilimia 39.4 ya wenye ugonjwa mkali na asilimia 18.2 ya wasio na ugonjwa mkali. Kwa ALT ilikuwa asilimia 28.1 dhidi ya 19.8. Ukisoma hivyo unasema: wazi kabisa, AST ya juu ni dalili mbaya.

Sasa zigeuze. Waliokuwa na AST ya juu walikuwa 168. Kati yao 112 hawakuwa na ugonjwa mkali, na 56 ndio waliokuwa nao. Yaani katika kila watatu wenye AST ya juu, wawili hawakuwa katika kundi la wenye ugonjwa mkali. Na upande wa pili, wagonjwa sita kati ya kumi wenye ugonjwa mkali walikuwa na AST ya kawaida. Tofauti kati ya makundi ni ya kweli. Lakini mgonjwa mmoja aliye mbele yako huwezi kumhukumu kwa tofauti hiyo.

Utafiti mwingine wa mwaka huo huo ulifuatilia wagonjwa 191 wa hospitali mbili za Wuhan, ambao 54 kati yao walifariki. ALT ya katikati, yaani ile ambayo nusu ya watu wako juu yake na nusu chini yake, ilikuwa 40 kwa waliofariki na 27 kwa walionusurika. Tazama hiyo 40. Ni mpaka wa kawaida. Karibu nusu ya waliofariki walikuwa na ALT ambayo maabara isingeiwekea alama yoyote. Albumini ndiyo iliyoachana zaidi: 29.1 kwa waliofariki, 33.6 kwa walionusurika.

Kwa hiyo kipimo kipi kina uzito zaidi?

Nikilazimishwa kuchagua kimoja siku ya kulazwa, nachukua albumini. Inashuka kwa sababu mbili zinazomhusu mgonjwa moja kwa moja: ukali wa uvimbe alionao sasa, na akiba ya mwili aliyokuja nayo. Mzee ambaye hajala vizuri kwa miezi mitatu, mwenye kifua kikuu cha zamani, mwenye figo zinazovujisha protini, wote watakuja na albumini ya chini, na wote wana uwezo mdogo wa kuhimili nimonia. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo udhaifu wake pia, maana haikuambii ni sababu ipi kati ya hizo.

Bilirubini ikipanda pamoja na INR, hali ni nzito kuliko ALT peke yake kupanda. LDH, ambayo si kipimo cha ini hasa ingawa maabara nyingi huitoa pamoja, hupanda pale tishu popote mwilini zinapoharibika, yakiwemo mapafu.

Angalizo la maabara: damu iliyovunjika kwenye sindano, au iliyokaa muda mrefu njiani kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, hupandisha LDH na AST kwa uongo. Ukiona vimepanda hivyo viwili na ALT imetulia, piga simu maabara uulize sampuli ilikuwaje kabla ya kubadili matibabu.

Nimesikia kuna uwiano wa AST kwa ALT. Una maana gani?

Unaitwa uwiano wa De Ritis, kwa jina la mtafiti wa Kiitaliano Fernando De Ritis, aliyeueleza mwaka 1957. Unagawanya AST kwa ALT. Kwa homa ya ini ya virusi ya ghafla, ALT huwa kubwa kuliko AST, hivyo uwiano huwa chini ya 1. Kwa ini la mlevi wa siku nyingi mara nyingi huvuka 2. Kwenye UVIKO-19 AST huelekea kuizidi ALT kwa wagonjwa mahututi, jambo linaloendana na maelezo ya oksijeni ya chini na misuli.

Kwa matumizi ya wodini, uwiano huu unasaidia kuuliza swali zuri: hii AST imetoka wapi? Sishauri kumpa mtu matumaini au kumkatisha tamaa kwa sababu yake.

Kama vipimo vya ini vinahusiana na vifo, mbona madaktari hawavitumii kwenye alama za kutabiri?

Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi, kwa sababu linagusa tofauti kati ya kitu *kinachohusiana* na matokeo na kitu *kinachoongeza* habari mpya.

Alama iliyojaribiwa kwa watu wengi ni ile ya Uingereza iitwayo 4C, iliyotengenezwa kutokana na zaidi ya wagonjwa 35,000 waliolazwa katika hospitali 260 za England, Scotland na Wales, ikachapishwa Septemba 2020. Ina vitu vinane: umri, jinsia, idadi ya magonjwa mengine, kasi ya kupumua, oksijeni ya damu, kiwango cha ufahamu, urea (taka ya damu inayotolewa na figo) na CRP. Jumla ni pointi 0 hadi 21. Waliopata 3 au chini yake, takriban mmoja kati ya mia alifariki; waliopata 15 na kuendelea, asilimia 62. Hakuna kipimo hata kimoja cha ini.

Sababu ni kwamba ukishajua mgonjwa ana miaka 74, anapumua mara 32 kwa dakika na oksijeni yake ni asilimia 86, AST ya 90 haikuongezei jambo kubwa. Imepanda kwa sababu ya mambo uliyokwisha kuyahesabu.

Si kila alama imeliacha ini nje. Ile ya China iitwayo COVID-GRAM, nayo ya 2020, ilichukua vitu kumi, na ndani yake kuna LDH na bilirubini iliyochakatwa. Lakini alama yoyote hubeba tabia za watu waliotumika kuitengeneza. Wagonjwa wa mwanzo wa 2020 hawakuwa wamechanjwa, na wengi hawakupewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga, kwa sababu jaribio la RECOVERY la Uingereza lililoipima lilitoa majibu yake Juni 2020. Mgonjwa wa leo aliyechanjwa, aliyewahi kuugua mara mbili, si yule. Ukitumia alama ya zamani kwake, chukua mpangilio wa nani yuko hatarini kuliko nani, na usishikilie asilimia yenyewe.

Namba gani inapaswa kututia wasiwasi?

ALT au AST chini ya mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida: ni jambo la kawaida kwa nimonia ya virusi. Rudia baada ya siku chache.

Mara mbili hadi tano: pitia dawa zote anazotumia, zikiwemo za kununua dukani.

Zaidi ya mara tano: tafuta sababu nyingine kwa bidii, usiridhike kusema ni virusi vya mapafu. Pima homa ya ini B na C, piga ultrasaundi, uliza juu ya parasetamoli na mitishamba.

Ikifika elfu na kuendelea, fikiria mambo matatu kwanza: presha au oksijeni iliyoanguka, sumu ya parasetamoli au dawa nyingine, na homa ya ini ya ghafla. UVIKO-19 pekee haifikishi huko mara nyingi.

Na iko kanuni ya zamani ya Hyman Zimmerman, daktari wa Marekani, inayohusu ini lililoumizwa na dawa: ALT ikizidi mara tatu pamoja na bilirubini kuzidi mara mbili, bila mirija ya nyongo kuziba, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hufariki au huhitaji ini jipya. Macho yakiwa ya njano na akili ikianza kupotea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Mgonjwa tayari ana ugonjwa wa ini. Hali yake ikoje akipata UVIKO-19?

Hapa ini linatabiri kweli.

Daftari mbili za kimataifa zilikusanya wagonjwa 745 wenye ugonjwa sugu wa ini kutoka nchi 29, matokeo yakachapishwa 2021. Wasio na sirosisi, yaani ini lisilo na makovu ya kulisinyaza, walifariki kwa asilimia 8. Wenye sirosisi, asilimia 32. Na waliogawanywa kwa daraja la Child-Pugh walipanda ngazi kwa ngazi: daraja A asilimia 19, B asilimia 35, C asilimia 51. Daraja hilo linahesabiwa kwa bilirubini, albumini, INR, maji tumboni na kuchanganyikiwa akili. ALT na AST hazimo.

Na wengi wao, asilimia 71 ya waliofariki, waliuawa na mapafu kushindwa kupumua. Ini ndilo lililotajwa kama sababu kwa asilimia 19. Ini dhaifu liliwanyima nguvu ya kupambana na nimonia.

Mwenye homa ya ini B isiyo na makovu asijione amehukumiwa. Lakini awaambie madaktari mapema, kwa sababu deksamethasoni na tosilizumabu zinazotumika kutuliza kinga zinaweza kuviamsha virusi vya B vilivyokuwa vimelala. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 254 walikuwa na maambukizi sugu ya homa ya ini B mwaka 2022, na zaidi ya nusu ya maambukizi mapya yalitokea kanda ya Afrika. Kwetu, kupima HBsAg, kipimo cha homa ya ini B, mara moja siku ya kulazwa ni hela iliyotumika vizuri.

Katika mazingira yetu ya Afrika Mashariki, ni nini kinachoweza kuchanganya majibu?

Mengi, na ndiyo maana siridhiki kuchukua viwango vya Wuhan au London na kuvibandika Mwanza au Kisumu bila kufikiri.

Malaria huvunja chembe nyekundu na kupandisha bilirubini, na kwa malaria kali AST nayo hupanda. Mtu mwenye homa na kikohozi anaweza kuwa na vyote viwili. Mgonjwa wa selimundu ana bilirubini ya juu na LDH ya juu hata siku ambayo yuko mzima. Cha kulinganisha ni kadi yake ya kliniki. Anayemeza dawa za kifua kikuu, hasa isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, anaweza kuwa na ALT iliyopanda kwa sababu hiyo. Utaratibu wa kawaida ni kuzisitisha ALT ikizidi mara tatu kukiwa na dalili, au mara tano bila dalili, na uamuzi huo ni wa kliniki ya kifua kikuu, mgonjwa asiache mwenyewe. Nevirapini kati ya dawa za VVU nayo ina historia ya kuumiza ini.

Pombe za kienyeji na za viwandani hupandisha AST na GGT. Ini lenye mafuta, ambalo sasa tunaliona mijini kwa wenye kisukari na uzito mkubwa, huja na ALT ya juu kidogo ya siku zote, na watu hao hao ndio ambao UVIKO-19 huwaelemea. Hapo ALT inaweza kuonekana kama inatabiri vifo, kumbe kinachotabiri ni uzito na sukari.

Sumukuvu nayo ikumbukwe. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa zimeguswa zaidi, yaliugulisha watu 317 na kuua 125. Wagonjwa wenye macho ya njano wakija wengi kutoka kijiji kimoja, uliza wanakula nini kabla ya kulaumu virusi.

Kuhusu mitishamba, kupiga nyungu, yaani kujifukiza, hakupeleki kitu kingi kwenye ini. Kunywa mchanganyiko wa mizizi na majani usiojulikana ni jambo lingine. Muuguzi anapouliza, amwulize mgonjwa kwa heshima na bila kumfokea, vinginevyo hatasema, na tutakosa jibu tunalolihitaji.

Dawa za UVIKO-19 zenyewe haziumizi ini?

Baadhi huweza. Remdesiviri hupandisha ALT kwa baadhi ya watu. Ini hupimwa kabla na wakati wa matibabu, na kuisitisha dawa hiyo hufikiriwa ALT ikizidi mara kumi ya kiwango cha juu. Tosilizumabu nayo huweza kuipandisha. Paxlovid haipendekezwi kwa mwenye ugonjwa mkali wa ini, daraja C la Child-Pugh, na ina tabia ya kugongana na dawa nyingine nyingi.

Inayonitia hofu kuliko zote ni parasetamoli, kwa sababu iko kila nyumba. Kikomo kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Mtu anameza viwili viwili, kisha anakunywa dawa ya mafua ya pakiti ambayo nayo ina parasetamoli ndani, kisha usiku anaongeza nyingine. Kwa aliyekonda, asiyekula siku kadhaa au mnywaji wa pombe, ini linaweza kuumia hata kwa kiwango kilicho chini ya hicho. Soma maandishi ya kila pakiti.

Na mafua ya influenza?

Influenza pia hupandisha AST na ALT, mara nyingi kidogo, na tulijifunza zaidi wakati wa H1N1 ya 2009. Maelezo ya oksijeni, uvimbe na misuli yanabaki yale yale.

Kuna tukio moja tu ambapo ini ndilo linalobeba hatari yenyewe: ugonjwa wa Reye. Mtoto anaanza kupona mafua au tetekuwanga, kisha anatapika mfululizo, analegea, anachanganyikiwa. ALT na amonia ziko juu, lakini macho kwa kawaida hayawi ya njano. Uhusiano wake na aspirini ulijulikana Marekani, ambako msimu wa 1979 hadi 1980 ulirekodiwa wagonjwa 555. Baada ya maonyo kutolewa, kati ya 1994 na 1997 hawakuzidi wawili kwa mwaka. Usimpe mtoto mwenye homa ya virusi aspirini.

Nina mafua na kikohozi nyumbani. Nikapime ini?

Hapana, isipokuwa una ugonjwa wa ini unaojulikana, macho yamebadilika rangi, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Hela hiyo itumie kufika kituoni mapema ukianza kuhema ukiwa umekaa, ukishindwa kumaliza sentensi, kifua kikibana au midomo ikibadilika rangi.

Kituo chetu hakina mashine ya kemia ya damu. Tumepoteza nini?

Si kikubwa kama mnavyodhani. Hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Pima presha, joto, ufahamu, na oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni. Vitu vyenye nguvu zaidi kwenye alama ya 4C viko mikononi mwenu, bila tone la damu.

Jambo moja kuhusu kifaa hicho cha kidoleni: utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, kifaa kiliposoma oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, karibu mmoja kati ya wanane walikuwa na oksijeni ya chini ya 88 kwenye damu ya ateri. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Kwa hiyo mgonjwa wetu akisoma 93 na anahema, muamini anavyohema.

Kwa aliyelazwa, vipimo virudiwe lini?

Kipimo cha siku ya kwanza ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu bila hicho hutajua kama ALT ya siku ya sita imeletwa na ugonjwa, dawa, au alikuja nayo. Baada ya hapo, kila siku mbili au tatu kwa mgonjwa mahututi au anayetumia remdesiviri inatosha. ALT iliyotoka 60 hadi 180 hadi 400 ndani ya siku nne inasema mengi kuliko 180 iliyosimama peke yake.

Na baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani?

Kwa wengi ALT na AST hurudi kawaida ndani ya wiki chache bila dawa yoyote ya kusafisha ini, na hizo zinazouzwa kwa jina hilo hazihitajiki. Rudia kipimo baada ya mwezi mmoja au mmoja na nusu. Ikibaki juu, mara nyingi mgonjwa alikuwa na jambo lake tangu mwanzo: homa ya ini B au C, mafuta, pombe, au dawa anayoendelea kuitumia.

Kundi dogo linahitaji macho zaidi, nalo ni la waliokaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia. Baadhi yao hupata uharibifu wa mirija ya nyongo unaojitokeza wiki au miezi baadaye: ALP na GGT zinapanda, bilirubini inafuata, ngozi inawasha. Ultrasaundi inaweza isionyeshe kitu. Mgonjwa kama huyo apewe rufaa kwenda hospitali yenye MRI ya mirija ya nyongo, na barua ya rufaa itaje wazi kwamba alikuwa ICU kwa UVIKO-19 na kwa siku ngapi.